Hadubini ya Shaba ya Enzi za Malkia Victoria: Namna ya Kuisoma, Kuisafisha na Kuirudisha Kazini Bila Kuiharibu

Kijana mmoja aliniletea hadubini ya R & J Beck, mafundi wa London, ikiwa imefungwa kwenye kitenge. "Shikamoo mzee. Nimeipaka ndimu na chumvi nikailaza usiku mzima, asubuhi nimeikuta imegeuka rangi ya waridi." Nilipoifungua, nusu ya bomba lake ilikuwa nyekundu kama sufuria mpya. Ndimu ilikuwa imekula zinki iliyomo ndani ya shaba ya njano na kuacha shaba nyekundu juu. Hakuna dawa ya kuirudisha zinki ile.

Si yeye peke yake. Karibu kila anayepata chombo hiki hukimbilia kukisugua, na ninaelewa sababu. Sisi tumelelewa na shaba ya kusuguliwa: sinia la harusi, buli, vifundo vya milango ya Zanzibar na Lamu, vyote hupigwa ukwaju au majivu mpaka vinang'aa. Hadubini ya karne ya 19 ni kitu kingine. Ile rangi ya dhahabu iliyokolea unayoiona si uchafu. Ni vanishi ya shelaki iliyopakwa na fundi juu ya shaba iliyopashwa moto, na ikishatoka umeondoa kazi yake na sehemu kubwa ya thamani ya chombo.

Fuata hatua kwa mpangilio huu. Kusoma kunatangulia kusafisha kwa sababu usafishaji mbaya hufuta maandishi.

## Vifaa vya kuandaa

- Burashi mbili laini za rangi ya maji, moja ya shaba na moja ya vioo tu
- Vitambaa vya pamba vilivyofuliwa mara nyingi. Fulana kuukuu inafaa sana
- Vijiti vya pamba na vijiti vya kuchokolea meno vya mbao
- Maji ya betri, yale masafi ya kuongezea. Soma chupa mara mbili: yale mengine ni asidi, na yatakuunguza wewe na chombo
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na rangi kali
- Tapentaini nyepesi ya kuchanganyia rangi ya mafuta. Isiwe thina
- Grisi nyepesi kidogo tu, na nta isiyo na dawa ya kung'arisha
- Bisibisi bapa tatu au nne za ukubwa tofauti
- Kalipa ya kupimia milimita
- Simu yenye kamera na taa, karatasi na penseli

Viache mbali ndimu, siki, ukwaju, amonia, spiriti, thina, sandpepa, steelwaya na dawa yoyote ya kung'arishia shaba. Spiriti ndiyo inayowaponza wengi kwa kuwa inaonekana safi. Shelaki huyeyuka ndani ya spiriti. Ndivyo hata vanishi yenyewe ilivyotengenezwa.

## Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kufungua chochote

Weka hadubini mezani juu ya taulo. Ipige picha pande zote nne, kisha sanduku lake, kila kikopo cha shaba na kila kipande kilicholegea. Kama ndani ya sanduku kuna karatasi iliyogandishwa, usiibandue.

Usiinyanyue kwa kulishika bomba la juu. Bomba hushikwa na gia ndogo yenye meno, na gia iliyochoka huachia. Mkono mmoja uwe kwenye nguzo, mwingine chini ya mguu.

Umefanikiwa ikiwa unaweza, kwa picha hizo peke yake, kumwelekeza mtu mwingine namna ya kukirudisha kila kipande mahali pake.

## Hatua ya 2: Soma jina na anwani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza habari iliyo bure. Zima taa ya chumba. Washa taa ya simu na uilaze karibu sawasawa na uso wa shaba, mwanga upite kwa ubavu. Herufi zilizofifia zitajitokeza kwa vivuli vyake. Tazama mguu, sehemu ya nyuma ya nguzo, ubavu wa bomba na ukingo wa jukwaa la kuwekea slaidi, kile kibao cha kioo kinachobeba kitu cha kutazamwa. Nakili kila herufi na kila namba kama ilivyo.

Sasa linganisha. Kwa hadubini za Beck, jina lenyewe ni kalenda.

James Smith alikuwa fundi wa London. Mwaka 1826, akifanya kazi kwenye karakana ya William Tulley, alitengeneza hadubini kwa maelekezo ya Joseph Jackson Lister, mfanyabiashara wa mvinyo aliyependa mambo ya vioo kuliko biashara yake. Mwaka 1830 Lister alichapisha kupitia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, namna ya kupanga jozi za lenzi ili makosa ya jozi moja yafutwe na ya nyingine. Kabla ya hapo, hadubini nyingi zilionyesha vitu vikiwa na ukungu na kingo za rangi za upinde wa mvua. Mtoto wake Joseph ndiye daktari wa upasuaji aliyekuja kuwafundisha wenzake kuua vijidudu kwenye vidonda.

Baadaye Smith alifungua karakana yake mwenyewe. Mwaka 1847 Richard Beck, mpwa wa Lister, akawa mshirika wake. Kwa hiyo:

James Smith peke yake: kabla ya 1847.

Smith & Beck, mara nyingi pamoja na anwani 6 Coleman Street: kuanzia 1847.

Smith, Beck & Beck: Joseph Beck, mdogo wake Richard, alijiunga katika miaka ya 1850. Kiwanda chao cha Holloway walikiita Lister Works, kwa heshima ya mjomba.

R & J Beck: Smith alistaafu katikati ya miaka ya 1860, na Richard akafariki mwaka 1866 akiwa bado kijana. Jina lake lilibaki kwenye shaba kwa miaka mingi baada ya hapo, kwa hiyo herufi R si ushahidi kwamba mwenyewe aliigusa hadubini yako. Anwani 31 Cornhill hutangulia 68 Cornhill. Ukiona Philadelphia, iliuzwa kupitia tawi lao la Marekani.

Familia hii ilichora pia namba za mfululizo. Namba ndogo ni ya zamani kuliko kubwa. Inakili hata kama huna cha kuilinganisha nayo leo.

Kama jina ni lingine, mantiki ni ile ile. Andrew Ross, fundi mwingine wa London, alifariki 1859, kwa hiyo "A. Ross" ni dalili nzuri ya kabla ya hapo, kisha kazi ikaendelezwa na mwanawe Thomas. Powell & Lealand, nao mafundi wa London, mara nyingi walichora mwaka wenyewe kwenye chombo, na anwani yao 170 Euston Road haiwezi kutangulia 1857, kwa sababu kabla ya mwaka huo barabara ile iliitwa New Road.

Tahadhari mbili. Jina lililochorwa linaweza kuwa la muuzaji tu, kwani maduka mengi ya miwani yalinunua hadubini za mafundi wengine na kuzitia jina lao. Na zipo hadubini za mapambo zilizotengenezwa juzi na kuchorwa majina makubwa ya London. Tazama skrubu: ile yenye alama ya msalaba kichwani ni ya miaka ya 1930 na kuendelea. Fundi wa Victoria alitumia skrubu ya mfereji mmoja.

Kama ina mabomba mawili, moja limesimama wima na lingine limeinama pembeni, huo ni mpango wa Francis Wenham wa mwaka 1860. Haiwezi kuwa ya zamani zaidi ya hapo, isipokuwa bomba la pili liwe limeongezwa baadaye.

## Hatua ya 3: Pima uzi wa lenzi ya chini

Lenzi ya chini ni ile inayokikaribia kitu unachokitazama. Ifungue kwa vidole, taratibu, mkono wa pili ukiwa chini yake. Ikigoma, iache mpaka Hatua ya 6. Koleo ni marufuku hapa; linaacha alama za meno zisizofutika.

Pima kwa kalipa kipenyo cha uzi wa lenzi, yaani ile mizunguko ya meno inayoikaza kwenye bomba. Mwanzoni kila fundi alikuwa na uzi wake, na lenzi ya Ross haikuingia kwenye bomba la Powell. Mwaka 1858 chama cha wanahadubini cha London, kilichoanzishwa 1839, kilipendekeza uzi mmoja kwa wote: kipenyo cha inchi 0.8, yaani kama milimita 20.3, na meno 36 kwa inchi. Uzi huo bado unatumika. Lenzi nyingi za hadubini za shule huingia kwenye bomba la miaka 150 iliyopita kana kwamba zimetoka karakana moja, na hilo hunifurahisha kila ninapolijaribu.

Ukipata kipimo hicho, una chombo cha baada ya 1858, au cha kabla yake kilichoongezewa pete ya kugeuzia uzi. Tafuta mstari wa pete hiyo mwishoni mwa bomba. Kipimo kikiwa tofauti kabisa, usilazimishe lenzi ya kisasa iingie. Uzi wa shaba huliwa kwa mzunguko mmoja tu.

## Hatua ya 4: Jaribu mahali pa siri

Chagua sehemu isiyoonekana, kama upande wa chini wa jukwaa. Gusa kwa kijiti cha pamba chenye maji na tone la sabuni, subiri dakika moja, futa. Kisha jaribu kwa tapentaini mahali pengine pa siri.

Tazama pamba. Ikiwa ya kijivu au kahawia yenye mafuta, huo ni uchafu, endelea. Ikiwa ya rangi ya chungwa au dhahabu na pale ulipogusa pananata, unatoa vanishi. Simama. Sehemu hiyo itasafishwa kwa burashi kavu tu.

## Hatua ya 5: Safisha shaba

Anza na vumbi, kwa burashi kavu, kutoka juu kwenda chini. Vumbi lina chembe za mchanga. Ukianza na kitambaa unasugua kwa mchanga.

Lowesha kitambaa kwa maji ya betri yenye sabuni kidogo na ukikamue mpaka kisidondoshe. Futa sehemu ndogo ya upana wa kisanduku cha kiberiti, ifute tena kwa maji matupu, ikaushe papo hapo, ndipo uhamie nyingine. Maji yasiingie kwenye viungo wala karibu na lenzi.

Mafuta ya vidole yaliyoganda hutoka kwa tapentaini. Fungua madirisha, zima jiko. Doa la kijani chokole kwa kijiti cha mbao kilicholoweshwa tapentaini, kwa uvumilivu. Doa la kahawia lililozama chini ya vanishi liache.

Ukimaliza, paka nta nyembamba sana na uipanguse kwa kitambaa kikavu.

Matokeo mazuri ni shaba yenye rangi sawa, tulivu, ya asali, na makovu yake ya zamani bado yapo. Ikimetameta kama sinia, umepita kiasi.

## Hatua ya 6: Legeza gia iliyoganda

Zungusha kifundo kikubwa cha kupandisha bomba. Kama hakisogei, usiongeze nguvu. Kinachokizuia ni grisi ya zamani. Wakati ule walitumia mafuta ya wanyama na mimea, na baada ya miongo mingi hugeuka kitu kama nta ya kijani, ngumu kiasi cha kuvunja jino la gia.

Tia tone moja la tapentaini kwenye utepe wa meno nyuma ya bomba, na moja kila upande wa mhimili wa kifundo. Subiri saa moja. Rudia. Laza usiku kucha ikibidi. Kisha tikisa kifundo mbele na nyuma kwa upana wa ukucha. Utasikia kwanza kama kinatafuna mchanga, halafu kama kinapita kwenye asali nzito, halafu kinaachia. Hadubini ya Beck niliyoanza nayo ilichukua siku tatu. Kijiti kilitoa kati ya meno nyuzi za grisi ya kijani kibichi, zimeshika umbo la kila jino, na katikati ya uzi mmoja kulikuwa na unywele mweupe mfupi.

Ikilazimu kufungua kibao kinachoishika gia, hakikisha ncha ya bisibisi inaujaza mfereji wa skrubu wote, upana na unene. Skrubu hizi hazikutengenezwa ili zibadilishane mashimo. Chora umbo la kibao kwenye karatasi na uchomeke kila skrubu mahali pake penye mchoro. Hesabu mizunguko unapofungua, rudisha idadi ile ile. Skrubu hizo ndizo zinazoamua uzito wa gia: zikizidi kukazwa gia inakwama, zikilegea bomba linateremka lenyewe na kuivunja slaidi.

Safisha meno, paka grisi nyembamba kama ya kupaka midomo, funga.

Kifundo kidogo cha marekebisho laini usikifungue. Ndani yake mna springi na wenzo, na ukishaviachia nje, kuvirudisha kunahitaji fundi wa vyombo.

Umefanikiwa bomba linapopanda na kushuka kwa vidole viwili na kubaki pale ulipoliachia.

## Hatua ya 7: Lenzi na kioo

Lenzi ya jicho ina vioo viwili, kimoja kila mwisho, na kizuizi chenye tundu katikati. Fungua kioo kimoja, kisafishe, kirudishe, ndipo ufungue cha pili. Vyote viwili huelekeza upande wa bapa kwenye jicho na upande wa mviringo chini. Ukivichanganya hutaona picha safi na utadhani hadubini imekufa.

Puliza vumbi kwanza. Pumua taratibu juu ya kioo, kisha futa kwa kijiti cha pamba kutoka katikati kwenda nje kwa mzunguko, bila kukandamiza. Kijiti kimoja, mfuto mmoja, kitupe.

Lenzi ya chini safisha uso wa nje tu. Ndani mna jozi za vioo zilizogandishwa kwa utomvu wa msonobari, na spiriti au ziloli (kiyeyushi kikali) hupenya na kuiachanisha gundi hiyo. Ukiona duara zenye rangi, au nyota kama za barafu kati ya vioo, gundi imeshaanza kuachia. Hilo si la kufutwa kwa pamba. Lenzi kali nyingine zina pete ya kuzunguka iliyoandikwa kuhusu kioo cha kufunikia, kile chembamba kinachowekwa juu ya slaidi. Ni marekebisho aliyoyaanzisha Andrew Ross mwishoni mwa miaka ya 1830 baada ya kugundua kuwa unene wa kioo hicho huharibu picha. Iache izunguke kwa uhuru, usiilazimishe.

Kioo cha chini cha kuakisi mwanga kifute kwa mbele tu. Vingi vya enzi hizo vilipakwa mgongoni bati lililochanganywa na zebaki. Usikwangue mgongo wake, na kama unabanduka, usiuguse kwa mikono mitupu.

## Hatua ya 8: Tazama

Menya kitunguu. Ndani ya tabaka moja utabandua ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Itandaze juu ya slaidi, dondosha tone la maji na tone la iodini kama unayo, funika kwa kioo chembamba.

Keti karibu na dirisha lenye mwanga wa anga. Kioo cha kuakisi kisielekezwe kwenye jua hata kidogo. Kitakusanya miale yake na kuipeleka moja kwa moja ndani ya jicho lako.

Namba kwenye lenzi za Waingereza huandikwa kwa inchi, na kadiri inchi zinavyopungua ndivyo lenzi inavyokuza zaidi. Kwa bomba lao la inchi 10, lenzi ya inchi 1 hukuza karibu mara 10, na ya robo inchi karibu mara 40. Zidisha kwa nguvu ya lenzi ya jicho: ikiwa ni mara 5, unapata 50 na 200.

Anza na ya inchi 1. Ukitazama kwa ubavu, teremsha bomba mpaka lenzi ikaribie slaidi. Sasa weka jicho juu na upandishe, polepole. Usitafute picha huku unateremsha, maana hivyo ndivyo slaidi na lenzi huvunjika pamoja.

Kwanza ni weupe mtupu. Kisha kivuli. Kisha kuta za seli zinajipanga kama matofali marefu, na ndani ya kila moja doa la kiini. Kingo zikiwa nyeusi na safi, bila mstari mwekundu au wa bluu, unaona kile Lister alichokihangaikia.

Picha ikiwa hafifu upande mmoja, geuza kioo cha kuakisi. Ikiwa na ukungu kote, rudi kwenye lenzi ya jicho. Doa likizunguka unapozungusha lenzi ya jicho, uchafu uko humo.

## Hatua ya 9: Hifadhi na kadi

Kwa anayeishi pwani, adui ni unyevu. Ukungu huota juu ya lenzi kama utando wa buibui na huacha alama ndani ya kioo chenyewe. Weka vifuko vya kukausha unyevu ndani ya sanduku, vibadilishe vinapochoka, na ulifungue sanduku siku za ukavu lipate hewa. Usiifunge hadubini kwa ngozi wala nailoni.

Kisha chukua kadi ngumu na uandike kwa penseli, si kalamu ya wino: jina na anwani kama vilivyochorwa, namba ya mfululizo, kipimo cha uzi, ulitumia nini kusafisha na wapi, skrubu ipi ilikuwa imelika tayari, na tarehe. Ilaze chini ya mguu wa hadubini, ndani ya sanduku, mahali ambapo atakayeifungua baada yako hatakosa kuiona.